Mkono wa Tatu wa Rangi

Hakuna mtaa usiokuwa na mtu wa kupitiliza mambo, na mtaa ule ulikuwa na mpaka rangi aliyeitwa Mkono wa Tatu. Wapaka rangi wenzake wakishapiga mkono wa kwanza na wa pili hufunga makopo na kwenda kula. Yeye lazima apige wa tatu. Ukuta ukikosa doa atalitafuta hilo doa mpaka alipate. Nyumbani kwake madirisha mawili hayakufunguka tena tangu alipoyapaka, na kitufe cha kengele ya mlangoni nacho alikipiga mikono mitatu ya kijani, kikagandamana na kuwa bubu. Wageni waligonga kwa ngumi. Mwaka wa kwanza mkewe alicheka. Mwaka wa pili akaacha kucheka.

Jumamosi hiyo, saa moja na nusu asubuhi, Mkono wa Tatu alikuwa uani, ameinama chini ya boneti ya gari lao dogo jeupe, na moyo ulimwenda mbio kama wa mwizi. Nyuma yake, kwenye kizingiti cha mlango, palikuwa na begi la mkewe, la rangi ya kahawia, zipu imefungwa mpaka mwisho. Saa nne kamili shemeji yake angefika kulichukua begi hilo pamoja na mwenye begi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Figo za mkewe zilikuwa zimechoka. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa saba mchana, ilimpasa awe amelala kwenye mashine ya kusafisha damu katika hospitali kubwa, mwendo wa kilomita arobaini kutoka nyumbani. Alijaribu basi, akazimia kituoni. Walijaribu dereva wa kukodi. Alikuja vizuri wiki mbili, wiki ya tatu akapata abiria wa mbali akazima simu. Basi lile gari dogo jeupe ndilo lililokuwa miguu ya mama huyu, na tangu wiki mbili zilizopita miguu hiyo ilikuwa inakatika njiani.

Shemeji, kaka mkubwa wa mkewe, alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa saa na dakika. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka hospitali, na chumba cha chini kilikwisha kutandikwa. Alipiga simu Alhamisi jioni. "Nimesikia gari lenu linasumbua," alisema. "Jumamosi saa nne nafika. Nikikuta limepona, nitakunywa chai nirudi zangu. Nikikuta bado, dada yangu anakuja kukaa kwangu. Wewe utakuja Jumapili kumtazama."

Kumtazama! Miaka ishirini na sita ya ndoa, halafu aende Jumapili kumtazama mke wake kama anayemtazama mgonjwa wa jirani. Na Mkono wa Tatu hakuwa mtoto. Alijua kwamba kuhama huanza na begi moja. Wiki ya pili hufuata mto wake wa kulalia, wiki ya tatu cherehani, na mwisho mtu anabaki na nyumba iliyopakwa rangi vizuri isiyo na wa kuikalia.

Jambo la kuchoma roho ni kwamba gari aliliharibu mwenyewe, ingawa alikuwa hajajua bado. Wiki tatu nyuma gari halikuwa na kosa ila kuvuja oili juu ya injini, penye kifuniko cha vali, na kutoa harufu ya kuungua. Fundi alitaka kukaa nalo siku tatu, na siku tatu zingekula zamu moja ya hospitali. Mkono wa Tatu akasema, mikono ninayo, spana ninazo, na kwenye simu kuna watu wanaofundisha kila kitu. Akaifanya kazi mwenyewe pale uani siku ya Jumapili, na haki yake tumpe, aliifanya sawasawa. Alibadilisha gasketi, akakaza bolti moja moja, na tone la oili halikuonekana tena.

Angeishia hapo tusingekuwa na hadithi. Lakini akaona kutu. Mtu huyu akiona kutu hupatwa na kitu kama kiu. Akaikwangua injini, akaiosha, akafungua kila kilichozuia brashi kupita, akaipaka rangi ya fedha, ile inayostahimili moto, pamoja na bodi iliyoizunguka, mikono mitatu. Jioni akamwita mkewe aje kutazama. "Umeipamba kama bibi harusi," mkewe alisema, na siku hiyo alicheka kweli.

Baada ya siku chache ikawaka taa ya injini kwenye dashibodi, ya rangi ya machungwa, na gari likaanza kuzima njiani. Fundi umeme wa magari akaja na mashine yake ya kusoma hitilafu. Ikasema sensa ya krenki, kile kidude kinachoiarifu kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Wakafunga sensa mpya. Gari likazima. Wakafunga nyingine, kutoka duka jingine. Likazima. Jana yake, Ijumaa, fundi alijikuna kichwa. "Sensa mpya mbili haziwezi kuumwa ugonjwa mmoja, mzee. Labda kompyuta yenyewe inakufa. Kuipata nyingine ni wiki mbili, tatu." Wiki tatu ni zamu tisa za hospitali.

Na kulikuwa na jambo la Jumanne, ambalo Mkono wa Tatu hakutaka hata kuliwaza. Jumanne gari lilizima mara tatu njiani, mara ya mwisho katikati ya kilima, malori yakiwapigia honi. Walifika wamechelewa saa mbili na nusu. Mkewe alipata saa moja na nusu tu ya mashine, badala ya saa nne, kwa sababu nyuma yake palikuwa na mgonjwa mwingine anayesubiri. Usiku kucha alilala ameketi, miguu imevimba, pumzi fupi. Alhamisi jirani aliwapeleka kwa gari lake, lakini jirani huyo leo alikuwa safarini. Shemeji alipopiga simu na kuuliza mambo ya Jumanne yalikwendaje, Mkono wa Tatu alijibu upesi, "Mashine ya hospitali iliharibika." Mkewe alikuwa ameketi pale pale. Alisikia. Hakusema neno.

Sasa alikuwa na dawa yake ya mwisho. Aliamini kwamba joto ndilo adui. Gari lilizima kila baada ya robo saa, injini ikishapata moto. Basi moto ulikuwa unaichoma sensa. Alikuwa amekata kipande cha bati kutoka kwenye kopo tupu la rangi, akakikunja, akakifunga kama ngao mbele ya sensa. Hakukipaka rangi. Muda haukuwepo.

Saa mbili akawasha. Injini ikanguruma vizuri, laini kabisa. Mkewe akatoka na kiti cha plastiki, akakaa kando ya mlango, khanga mabegani, miguu ameinyoosha mbele yake. Miguu ile mumewe alishindwa kuitazama.

"Unaona?" alisema. "Unasikia inavyotulia?"

"Nasikia."

Dakika tano. Dakika kumi. Mshale wa joto ukapanda polepole. Alianza kuongea sana, kama kawaida yake akiogopa: atamwandalia Shemeji chai ya nguvu, atamwonyesha lile bati, Shemeji atashangaa kwamba mpaka rangi amewashinda mafundi. Mshale ukafika katikati. Mbele ya injini feni ya rejeta ikaanza kuvuma. Injini ikatetemeka mara mbili, mara tatu, ikafa.

Uani pakawa kimya isipokuwa feni. Mkono wa Tatu akashika ukingo wa boneti kwa mikono yote miwili. Saa mbili na robo.

"Feni," mkewe alisema.

"Feni imefanya nini?"

"Ikianza kuvuma tu, gari linakufa."

"Si ndiyo ninayosema? Ni joto! Feni inawaka injini ikipata joto."

"Na Jumanne?"

"Jumanne vilevile."

"Jumanne siyo vilevile." Alizungumza taratibu, akivuta pumzi kati ya maneno. "Mara ya kwanza hatukuwa tumefika hata barabara kuu. Injini ilikuwa baridi. Mvua ilianza, ukawasha taa, ukawasha na waipa. Likazima palepale."

Mkono wa Tatu aliitazama waipa kiooni. Aliikumbuka mvua. Aliikumbuka waipa ikipiga mara mbili hivi, kisha usukani kuwa mzito.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, baba watoto. Umewauliza watu wa dukani, umemuuliza fundi, umeiuliza simu. Mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti kile. Siku tatu kila wiki nalala karibu na mashine, na nikisikia mlio umebadilika najua kabla nesi hajageuka. Gari lako nimelisikiliza wiki mbili nzima."

Neno hilo lilimwingia. Aliingia garini, akangoja feni ijizime yenyewe, akawasha tena. Injini ikakubali. Akawasha taa kubwa: mngurumo ukashuka, taa ya machungwa ikawaka. Akawasha waipa kwenye kioo kikavu: injini ikatetemeka. Akafungulia kipeperushi cha hewa ya ndani mpaka mwisho, na injini ikafa mikononi mwake, feni ya rejeta ikiwa haijapiga hata mzunguko mmoja.

Akarudia, majibu yakawa yaleyale. Joto halikuwamo. Kila kilichovuta umeme ndicho kilichoiua injini. Bati lake la kopo likaning'inia pale mbele ya sensa kama medali ya mjinga.

Akampigia fundi umeme kwa spika ya simu, na kwa bahati fundi akashika mara moja. Alimweleza yote, taa, waipa, kipeperushi, mvua ya Jumanne.

"Mzee, siku ile ya gasketi, ulifungua nyaya zozote?"

"Waya mmoja tu. Mnene, mweusi, unatoka kwenye injini unakwenda kwenye bodi ya gari. Ulikuwa unazuia brashi. Lakini niliurudisha, na niliukaza kwa nguvu zangu zote."

"Uliukaza juu ya nini?"

"Juu ya nini kivipi? Palepale ulipokuwa."

"Naomba uniambie unaona nini chini ya kile kichwa cha waya. Unaona chuma?"

Mkono wa Tatu akainama. Aliitazama sehemu ile kwa mara ya kwanza bila kuisifu. Chini ya kichwa cha waya palikuwa na rangi ya fedha, nyororo, isiyo na doa. Kwenye bodi, upande wa pili wa waya, rangi ya fedha. Juu ya bolti, rangi ya fedha. Mikono mitatu.

"Naona rangi," alisema.

"Basi ndiyo hiyo hiyo." Fundi alicheka kidogo, kisha akajizuia. "Umeme ukishafanya kazi lazima urudi, mzee. Umeufungia mlango mkubwa, sasa unalazimisha kupita kwenye tundu, kwenye nyaya nyembamba za sensa. Ukiwasha kitu kikubwa, nyaya zinalemewa, kompyuta inapata habari za uongo, inazima. Sensa yako haikuwa mgonjwa hata siku moja. Kwangua mpaka uone chuma cheupe, sehemu zote mbili. Na mimi nisamehe, nilipaswa kukuuliza mapema kama umepaka rangi. Lakini nani anapaka rangi penye waya wa ardhi?"

Simu ikakatika. Mkono wa Tatu alibaki ameinama. Hakuwa na haja ya kugeuka ili ajue mkewe amesikia yote.

"Kengele ya mlango," mkewe alisema.

Aliona aibu, aibu ya kweli. Sensa mbili alizipa lawama. Maduka aliyalaani. Fundi alimwita kanjanja nyuma ya mgongo. Kumbe kilichomwangusha mkewe kilimani Jumanne, kilichomnyima saa mbili na nusu za mashine, kilikuwa brashi yake mwenyewe.

"Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," mkewe aliendelea, bila ukali. "Sikiliza nikwambie. Mimi siogopi gari kuzima. Gari ni chuma. Naogopa mtu anayeniambia limepona. Ukuta wa chumbani ulipopata unyevu uliupaka. Unyevu ukarudi, ukaupaka tena. Na Jumanne ulipopigiwa simu, ukaipaka rangi na Jumanne."

"Nilitaka asikuchukue."

"Najua. Na mimi sitaki kwenda. Ndiyo maana nilinyamaza. Lakini Kaka atauliza, unamjua. Mara moja nimekusitiri. Mara ya pili sina pumzi."

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi.

Akachukua spana. Bolti ile alikuwa ameikaza kwa nguvu zake zote, kama alivyojigamba, kisha akaipaka, na rangi ilikuwa imeingia kwenye hesi zake na kukaukia humo. Spana ikateleza, ngozi ya vidole vyake ikachubukia kwenye chuma. Akajaribu tena, ikateleza tena. Akapiga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, taratibu, akiomba isikatike, kwa maana ikikatikia ndani hakuna kuitoa bila fundi wa kutoboa, na fundi wa kutoboa hapatikani kwa saa moja. Akamimina mafuta, akangoja. Kungoja ndiko kulikomuua. Alisikia saa ya ukutani sebuleni ikigonga saa tatu na nusu. Aliliona begi kizingitini bila kulitazama.

"Pole pole," mkewe alisema. "Usiifanye kwa hasira. Ukiikata, tumekwisha."

Akaubana mpini kwa mikono miwili, akafumba macho, akavuta. Ukasikika mlio mkali. Alidhani imekatika. Akafumbua macho: bolti ilikuwa imezunguka robo, na duara la rangi limepasuka kuizunguka.

Baada ya hapo alikuwa kwenye kazi anayoijua. Alichukua kikwangulio chake, kilekile cha miaka kumi na mbili, mpini umelika kwa kidole gumba. Maisha yake yote alikwangua rangi za watu wengine, mbovu, zilizobanduka, na kila mara alifurahia kuwadharau. Hii ilikuwa rangi yake, bora kuliko zote alizowahi kupaka, imeshika chuma kama ngozi. Ikatoka kwa vipande vidogo vidogo. Akafuata na msasa, mkali, kisha laini, mpaka chuma kikang'aa cheupe na kibaya, kwenye injini na kwenye bodi. Akakisugua kichwa cha waya. Akaisugua hata bolti. Akarudisha vyote, akakaza. Brashi hakuigusa.

Saa tatu na dakika hamsini na mbili akawasha injini. Akawasha taa kubwa, mngurumo haukushuka. Waipa, haukushuka. Kipeperushi mpaka mwisho. Redio. Injini ikaendelea kana kwamba hajaiomba kitu. Ikabaki feni, na feni haiwashwi kwa kidole, hungoja joto lake. Akasimama kando ya gari, mikono ina damu na unga wa fedha, akitazama mshale kama mtu anayetazama mlango wa chumba cha upasuaji.

Lango likagongwa kwa ngumi. Saa nne kasoro dakika moja.

Shemeji aliingia na kofia yake mkononi, shati limenyooshwa, saa ya mkononi imevaliwa upande wa ndani wa mkono kama alivyozoea kazini. Alimsalimu dada yake kwanza, akainama akaitazama miguu yake, na uso wake ukabadilika. Kisha akaja penye gari. Alikuwa hajasema kitu wakati feni ilipoanza kuvuma.

Taa zilikuwa zinawaka, waipa zikisugua kioo kikavu, redio ikisema habari za mchezo, na feni ikavuma, na injini ikavuma nayo. Sekunde kumi. Nusu dakika. Dakika nzima. Taa ya machungwa haikuwaka.

"Mbona umewasha vitu vyote kama harusi?" Shemeji aliuliza.

"Najaribu."

"Naona limekubali." Shemeji alichungulia chini ya boneti, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ilikuwa sensa, eeh? Vitu vya madukani siku hizi ni feki tupu. Unaweza kubadilisha tatu ndipo upate moja ya kweli."

Jibu lilikuwapo, limeshachanganywa na kukorogwa, limebaki kupakwa tu. "Ndiyo, Shemeji, feki tupu." Maneno manne. Wangekunywa chai, na Shemeji angerudi zake. Mkono wa Tatu alimtazama mkewe. Mkewe hakumkonyeza wala hakumsihi. Alikuwa ametazama mikono yake mwenyewe mapajani, akingoja, kama anavyongoja kila mara sindano iingie.

"Siyo sensa, Shemeji," alisema. "Ni mimi. Nilipaka rangi mahali ambapo chuma kinatakiwa kigusane na chuma. Sensa haikuwa na kosa. Na aliyegundua siyo mimi wala fundi, ni dada yako." Aliyebomoa ukuta mmoja hana sababu ya kubakiza wa pili. "Na Jumanne mashine ya hospitali haikuharibika. Gari lilizima mara tatu. Tulichelewa. Alipata saa moja na nusu tu. Nilikudanganya."

Redio ikaendelea kusema habari za mchezo. Shemeji aliingiza mkono dirishani akaizima.

"Saa moja na nusu," alirudia.

"Ndiyo."

"Kati ya nne."

"Ndiyo."

"Na ile miguu niliyoiona pale ni ya hiyo Jumanne." Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mimi nilikuwa tayari kunywa chai na kuondoka. Unaelewa? Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wewe maradhi uliyoficha hayakuwa hata yako."

Shemeji alikwenda kizingitini, akaliinua begi la kahawia, akavuka nalo uwanja mpaka nje, na wote wawili wakasikia buti ya gari lake ikifunguliwa na kufungwa. Kufungwa kule Mkono wa Tatu alikusikia kifuani. Basi, imekwisha, alijiambia. Nimesema kweli na imeniponza.

Shemeji aliporudi, alimkuta dada yake ameshasimama, ameshika mgongo wa kiti.

"Twende, dada."

"Twende," alijibu. "Begi likae kwako. Mimi napanda hili."

"Hili lililokuangusha kilimani?"

"Hili hili. Tutapita kilima kilekile, na wewe utakuwa nyuma yetu. Likizima hata mara moja nahamia gari lako na sirudi nyuma, na mume wangu hatasema neno." Alipumua. "Ila usimlinganishe na mwongo wa kudumu, Kaka. Wewe umefanya kazi reli. Kuna wanaopanda bila tiketi wakashuka mwisho wa njia. Huyu ameshuka kituo cha pili, mwenyewe, bila kukamatwa."

Shemeji alitaka kucheka akajizuia. Alitazama saa. "Tuna saa tatu kasoro," alisema. "Ongozeni."

Wakaondoka. Mkono wa Tatu aliendesha taa zikiwa zimewaka mchana kweupe, kwa hiari yake, na kipeperushi kikivuma. Kila shimo lilimtoboa. Kwenye kioo cha nyuma gari la Shemeji halikuachana nao hata kidogo, na ndani ya gari lile lilikuwamo begi. Walipita pale mvua ilipoanza Jumanne. Walipita mzunguko. Kilima kikaja, lori mbele, lori nyuma, mwendo wa konokono, mshale ukapanda ukafika katikati. Mkewe alilaza kichwa kwenye kiti akafumba macho. Hakuwa amelala. Alikuwa anasikiliza.

Feni ikaanza.

Mkono wa Tatu alihisi kiganja cha mkewe kikitua juu ya mkono wake ulioshika gia, kizito kwa uvimbe, cha baridi kidogo. Hakikubana. Kilikaa tu hapo, mita kwa mita, mpaka walipofika juu ya kilima na barabara ikaanza kuteremka.

Saa sita kasoro dakika ishirini walisimama mbele ya hospitali. Shemeji naye akaegesha, akafungua buti, akalitoa begi, kisha akasimama katikati ya magari mawili akiwa amelishika, mtu mzima asiyejua alipeleke wapi. Mkono wa Tatu alimsaidia mkewe kushuka. Hakuuliza. Alishajifunza siku ile kwamba kuna mambo ambayo mtu hayapaki, anayangoja yakauke yenyewe.

Mkewe alipiga hatua nne kuelekea mlangoni, akasimama kupumua, akageuka.

"Baba watoto," alisema, "kalichukue begi langu, Kaka atachoka mkono. Na ukirudi leo, uikwangue na ile kengele."